Kimeng'enya cha moyo na kimeng'enya cha chemchemi ya maji moto: je, ni kitu kimoja?

Swali la msomaji: "Mjomba wangu, fundi sanifu wa maabara aliyestaafu, huniambia kwamba miaka ya 1970 walikuwa wakichemsha majimaji ya damu ya mgonjwa ili wajue kama moyo wake umeumia. Mimi nasomea sayansi ya maabara, na nimefundishwa kwamba vimeng'enya (enzaimu) vinavyostahimili joto hutoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto, hutumika katika PCR, yaani njia ya kuzidisha DNA maabara, na vimesaidia sana utafiti wa mshtuko wa moyo. Je, mimi na mjomba tunazungumzia kitu kimoja? Na je, kimeng'enya kisichoharibiwa na joto hakiwezi kufanywa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mishipa ya moyo? Mjomba bado anatunza daftari lake lenye safu mbili za namba, 'kabla' na 'baada', nami ningependa kujua namna ya kulisoma."

Jibu:

Ndugu msomaji, kwanza mfikishie mjomba shikamoo yangu, kwa sababu kipimo anachokikumbuka kilikuwepo kweli, kilikuwa na mantiki nzuri, na walimu wengi wa leo hawakitaji tena darasani. Wewe nawe umefundishwa sawasawa. Hata hivyo mnazungumzia vimeng'enya viwili tofauti kabisa. Cha mjomba hutoka ndani ya moyo wenyewe, nacho kilipimwa kama dalili ya kuumia kwake. Cha kwako hutoka kwa bakteria ambaye hajawahi kuishi ndani ya mwili wa binadamu, nacho ni chombo cha kazi mikononi mwa mtafiti. Kinachovikutanisha ni sifa moja tu, yaani kutoharibika upesi kwa joto, na hata sifa hiyo kila kimoja kiliipata kwa njia yake.

Nianze na cha mjomba. Mwaka 1954 madaktari wa New York, John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen, walionyesha kwamba msuli wa moyo unapokufa kwa kukosa damu, kimeng'enya kilichokuwa ndani ya seli zake humwagika na kuonekana kwenye majimaji ya damu. Kile cha kwanza kilikuwa ni kile ambacho leo tunakiita AST. Muda mfupi baadaye ilionekana kwamba laktati dihidrojenasi, yaani LDH, nacho hupanda. LDH ni kimeng'enya kinachogeuza piruvati kuwa laktati, na laktati kuwa piruvati, na kwa kuwa kazi hiyo inahitajika karibu katika kila seli, LDH hupatikana karibu katika kila kiungo: moyo, ini, figo, misuli ya mikono na miguu, hata chembe nyekundu za damu. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mgonjwa mwenye LDH nyingi angeweza kuwa na mshtuko wa moyo, lakini pia angeweza kuwa na homa ya ini, au ameumia misuli kwa ajali. Namba peke yake haikusema imetoka wapi.

Ufumbuzi ulitokana na utafiti ambao mwanzoni haukuwa wa moyo hata kidogo. Mwaka 1959 Clement Markert na Freddy Møller walieleza kwamba kimeng'enya kimoja kinaweza kuwepo katika maumbo kadhaa ndani ya mnyama yule yule, wakayaita isoenzaimu. Kwa LDH, maumbo makuu ni matano. Kila molekuli imeundwa kwa vipande vinne, na vipande hivyo ni vya aina mbili: H, ambacho kimejaa zaidi moyoni, na M, ambacho kimejaa zaidi kwenye misuli ya mifupa na ini. Vipande vinne vya H vikiungana tunapata LDH-1. Vinne vya M vikiungana tunapata LDH-5. Michanganyiko ya katikati ndiyo LDH-2, LDH-3 na LDH-4. Leo tunajua kwamba kila aina ya kipande ina jeni yake, ile ya M ikiwa kwenye kromosomu ya 11 na ile ya H kwenye kromosomu ya 12. Mgawanyo huu una sababu yake mwilini: LDH-5 inafaa msuli unaokimbizwa ghafla hadi oksijeni ikapungua, ambao hauna budi kugeuza piruvati kuwa laktati kwa haraka, wakati LDH-1 inafaa kiungo kama moyo, kisichopumzika na kinachotegemea oksijeni kila dakika.

Sasa ndipo joto lilipoingia. Iligundulika kwamba majimaji ya damu yakipashwa hadi nyuzi 60 au 65 za Selsiasi kwa muda wa nusu saa hivi, LDH-5 ya ini hupoteza uwezo wake, ilhali LDH-1 ya moyo huendelea kufanya kazi. Kwa hiyo hawakuyachemsha, kama tunavyosema kwa haraka. Waliyapasha kwenye beseni la maji lenye joto lililodhibitiwa, kwa kuwa yangechemka kweli, hata kimeng'enya cha moyo kisingesalimika. Kisha walipima LDH ya sampuli isiyopashwa na ya sampuli iliyopashwa, wakalinganisha. Kama sehemu kubwa ya kimeng'enya ilibaki hai, shaka iliangukia moyo. Kama sehemu kubwa ilikufa, waliangalia ini. Kwa maabara isiyokuwa na mashine ya kutenganisha protini kwa umeme, beseni la maji, kipimajoto na saa vilitosha. Mimi hukihesabu kipimo hiki miongoni mwa mifano bora ya kutumia tabia ya kifizikia ya protini kujibu swali la kitandani kwa mgonjwa.

Lakini kilikuwa na mapungufu, na kwa mazingira yetu mapungufu hayo yalikuwa makubwa kuliko vitabu vya Ulaya na Marekani vilivyoonyesha. Chembe nyekundu za damu nazo zimejaa LDH-1. Chembe hizo zikipasuka, LDH inayostahimili joto huongezeka kwenye damu bila moyo kuguswa. Mgonjwa wa selimundu, mgonjwa wa malaria kali, au mtu yeyote ambaye damu yake ilivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba hadi chembe zikapasuka ndani ya bomba, wote wangeweza kuonekana kana kwamba moyo wao umeumia. Pili, LDH huchelewa: hupanda baada ya saa 12 hadi 24, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na hushuka polepole kwa wiki moja au mbili. Uchelewaji huo ulikuwa na faida kwa mgonjwa aliyefika hospitali siku ya nne, lakini haukumsaidia yule aliyefika akiwa bado ameshika kifua. Ndiyo maana nafasi yake ilichukuliwa kwanza na kreatini kinasi ya moyo, kisha na troponini, ambayo vipimo vyake vilianza kuandikwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambayo tangu mwaka 2000 ndiyo iliyopewa kipaumbele katika tafsiri rasmi ya mshtuko wa moyo. Angalia kwamba troponini si kimeng'enya. Ni protini ya mkazo wa msuli, haifanyi mmeng'enyo wowote, ingawa wodini bado utasikia watu wakisema "vimeng'enya vya moyo" wakiwa na maana ya troponini. Mazoea hayo ya lugha ni mabaki ya enzi za mjomba wako.

Kabla sijaenda kwa bakteria wako, niseme jambo ambalo ndilo kiini cha jibu langu. Ustahimilivu wa LDH-1 haukutokana na haja yoyote. Hakuna moyo wa binadamu uliowahi kufika nyuzi 60, kwa hiyo kimeng'enya hicho hakikuumbika kwa ajili ya kupambana na joto. Vipande vya H na M vinafanana kwa sehemu kubwa, na tofauti za asidi amino zilizopo zimefanya LDH-1 ishikamane zaidi kuliko nduguye. Ni sadfa ambayo waganga waliitumia vizuri. Kwa bakteria wa maji moto mambo ni kinyume: kila protini yake lazima istahimili joto, la sivyo hawezi kuishi hata saa moja. Tofauti hiyo inaonekana kwenye vipimo. LDH-1 huvumilia nyuzi 60 na kidogo kwa nusu saa. Polimerasi ya bakteria huyo, yaani kimeng'enya chake kinachonakili DNA, huvumilia nyuzi 95, na huchukua takriban dakika 40 katika joto hilo ndipo nusu ya nguvu yake ipotee.

Bakteria mwenyewe anaitwa Thermus aquaticus. Thomas Brock wa Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na mwanafunzi wake wa shahada ya kwanza Hudson Freeze, walimpata katika chemchemi za Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, katikati ya miaka ya 1960, na wakamwandika rasmi mwaka 1969. Hustawi zaidi kwenye nyuzi 70 hivi. Kama umewahi kusimama kando ya Ziwa Bogoria ukaona maji yakitoka ardhini yakiwa yanachemka, umekwisha kuona aina ya mahali ambapo viumbe wa namna hii huishi. Brock hakuwa akitafuta dawa wala mashine. Alitaka kujua uhai unafika wapi kwenye ngazi ya joto. Mwaka 1976 Alice Chien, David Edgar na John Trela wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walitenga kutoka kwa bakteria huyo kimeng'enya kinachonakili DNA, ambacho leo kila maabara hukiita Taq.

Miaka 7 baadaye, Kary Mullis, akiwa katika kampuni ya Cetus huko California, alibuni PCR. Umeshaijua kanuni yake, nami nitaipitia kwa kifupi kwa ajili ya mjomba. DNA yenye nyuzi mbili hupashwa hadi nyuzi joto 95 hivi ili nyuzi zake ziachane. Joto hushushwa hadi kati ya 50 na 60 ili vipande vifupi vya mwongozo vishike mahali pake. Kisha hupandishwa hadi 72 ili polimerasi ijenge nakala. Mzunguko mmoja huongeza DNA mara mbili, na mizunguko 30, kama yote ingekwenda bila hasara, ingetoa nakala zaidi ya bilioni 1 kutoka kipande kimoja. Mwanzoni walitumia polimerasi ya bakteria wa utumboni, E. coli, ambayo hufanya kazi kwenye nyuzi 37 na hufa kila mara joto linapopanda. Mtu alilazimika kusimama hapo akiongeza kimeng'enya kipya katika kila mzunguko. Taq ilipoingizwa, kama ilivyochapishwa mwaka 1988, kimeng'enya kiliwekwa mara moja tu na mashine ikafanya mengine. Faida nyingine haitajwi sana: kwa kuwa Taq hufanya kazi kwenye joto la juu, vipande vya mwongozo havishiki ovyo mahali pasipo pake, na nakala zinazopatikana huwa safi zaidi. Wapo wanaodhani kwamba PCR ilianza na kesi za mauaji au na virusi, lakini ugonjwa wa kwanza uliotumiwa kuionyesha, katika makala ya mwaka 1985, ni selimundu, ugonjwa ule ule uliokuwa ukipotosha kipimo cha mjomba.

Sasa moyo unaingiaje hapa? Mshtuko wa moyo kwa kawaida huanza miaka mingi kabla ya maumivu, lehemu inapojikusanya ndani ya kuta za mishipa inayoulisha moyo. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas walikuwa wameonyesha, kabla PCR haijakuwepo, kwamba seli za ini huondoa lehemu ya LDL, ile inayojikusanya kwenye mishipa, kutoka kwenye damu kwa kutumia vipokezi maalumu, na kwamba watu waliozaliwa na vipokezi vibovu hupata mshtuko wa moyo wakiwa bado vijana; kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kilichobaki kilikuwa ni kusoma jeni za watu wengi, mmoja baada ya mwingine, herufi kwa herufi. Kazi hiyo isingewezekana kwa kiwango hicho bila kimeng'enya kinachostahimili joto, kwanza kwa ajili ya kuzidisha kipande cha jeni, na pili kwa ajili ya kukisoma, kwa kuwa hata usomaji wenyewe ulikuja kufanywa kwa mizunguko ya joto kwa kutumia aina za Taq zilizorekebishwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni jeni ya PCSK9, nami nitaueleza kwa kirefu kwa sababu sehemu yake kubwa inahusu damu ya Waafrika. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa, akiwemo Marianne Abifadel na Catherine Boileau, wakishirikiana na Nabil Seidah wa Montreal, walikuta familia ambazo lehemu yao ilikuwa juu sana ingawa jeni ya kipokezi cha LDL ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa katika PCSK9. Protini ya jeni hiyo hukishika kipokezi na kukipeleka kuharibiwa ndani ya seli. Ikizidi bidii, vipokezi hupungua na lehemu hubaki kwenye damu. Hapo Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakauliza swali la kinyume: je, wapo watu ambao protini hii imezimika? Walichagua watu 128 wenye LDL ya chini kutoka kwenye uchunguzi mkubwa wa wakazi wa mji wao, wakazisoma jeni zao, na mwaka 2005 wakatangaza kwamba mabadiliko mawili yanayoikata protini hiyo kabla haijakamilika yanapatikana kwa takriban asilimia 2 ya Wamarekani wenye asili ya Afrika, na ni nadra sana kwa wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2006 walieleza yaliyowapata wenye mabadiliko hayo katika ufuatiliaji wa miaka 15: miongoni mwa washiriki weusi, LDL yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 28, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 88. Mwaka uliofuata akaandikwa mwanamke kijana wa Zimbabwe aliyerithi moja ya mabadiliko hayo kutoka kwa wazazi wote wawili. LDL yake ilikuwa 0.4 tu kwa kipimo cha milimoli kwa lita, naye alikuwa mzima wa afya.

Ukitafakari takwimu hizo, punguzo la asilimia 28 la lehemu linaonekana dogo mno kuzaa kinga ya asilimia 88. Maelezo yanayokubalika ni kwamba watu hawa wameishi na lehemu ya chini tangu kuzaliwa, si tangu siku walipopewa vidonge wakiwa na miaka 55. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa kuliko dawa zilizofuata, ingawa dawa nazo ni za maana: kingamwili mbili zinazoizuia PCSK9 ziliidhinishwa mwaka 2015, na katika jaribio la mojawapo lililochapishwa mwaka 2017, lililohusisha wagonjwa 27,564, LDL ilishuka kwa asilimia 59 na mishtuko ya moyo ikapungua kwa asilimia 27. Bei yake bado ni ya juu, na vidonge vya kundi la statini vinaendelea kuwa msingi wa matibabu.

Hapa mwanafunzi wa maabara azingatie jambo moja la kiufundi. Taq ina kasoro: haijisahihishi. Ikiweka herufi isiyofaa, inaendelea mbele. Unapotafuta badiliko la herufi moja katika jeni kama PCSK9, kosa la kimeng'enya linaweza kuonekana kama badiliko la mgonjwa. Kwa kazi ya namna hiyo, hasa nakala zinapochukuliwa moja moja ili zikuzwe ndani ya bakteria, hutumika polimerasi zenye uwezo wa kurudi nyuma na kufuta kosa, kama ile ya Pyrococcus furiosus, kiumbe aliyepatikana kwenye fukwe za kisiwa cha Vulcano, Italia, ambaye hustawi kwenye nyuzi 100. Na usije ukafikiri kwamba PCR hutumika kumtambua mgonjwa wa mshtuko wa moyo anapofikishwa hospitali. Pale hutumika kipimo cha umeme wa moyo na troponini, na kila dakika ina thamani. PCR hujibu maswali ya kurithi na ya utafiti, ambayo yanaweza kusubiri.

Kuhusu dawa, jibu ni hapana, na sababu zake ni za kimsingi. Kimeng'enya cha nyuzi 72 huzubaa kwenye nyuzi 37 za mwili, kwa sababu umbo lake lililokazwa ili lisifumuke kwa joto halina ulegevu wa kutosha kufanya kazi kwenye ubaridi. Pili, Taq hunakili DNA; haina uwezo wowote wa kukata nyuzi za bonge la damu. Tatu, kingamwili zetu huitambua protini ngeni na kuishambulia. Hilo tumeliona kwa streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo ni protini ya bakteria, na ambayo pamoja na aspirini iliokoa maisha ya wengi katika jaribio la mwaka 1988 lililokuwa na wagonjwa 17,187: mgonjwa akishapewa mara moja hutengeneza kingamwili dhidi yake, hivyo haishauriwi kurudiwa. Alteplase, dawa nyingine ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo ni kimeng'enya cha binadamu kilichotengenezwa kwa uhandisi wa jeni, haina tatizo hilo, nayo hufanya kazi kwenye joto la mwili kama inavyotakiwa.

Na sasa daftari. Chukua namba ya "baada" uigawe kwa namba ya "kabla". Utapata sehemu ya LDH iliyostahimili joto. Usihukumu kwa siku moja. Tafuta mgonjwa aliyepimwa siku kadhaa mfululizo, uone kama jumla ilipanda kwa siku mbili au tatu kisha ikashuka polepole huku sehemu iliyostahimili ikibaki kubwa, kwa kuwa huo ndio mwendo wa moyo. Angalia kama mjomba aliandika rangi ya majimaji ya damu. Yakiwa mekundu au ya waridi, chembe zilipasuka na namba hiyo haitegemeki. Mwisho, muulize kama sampuli zililala kwenye friji kabla ya kupimwa. LDH-5 ya ini hudhoofishwa na baridi pia, si joto peke yake, na kama zililala humo, namba ya "kabla" ilikuwa imekwisha pungua kabla beseni halijawashwa, kwa hiyo sehemu ya moyo utakayoikokotoa itatokea kubwa kuliko ilivyokuwa kweli ndani ya damu ya mgonjwa.